Je, Wajua Kwa Nini Sinema na Muziki Hugombea Chumba Kimoja?

Mtu anayejenga nyumba Buswelu, Nyegezi au Isamilo hapa Mwanza siku hizi, akiwa na uwezo kidogo wa ziada, huacha nafasi ya runinga kubwa kwenye ukuta wa sebule, hupitisha nyaya za spika ndani ya plasta, na huamini kwamba amemaliza: filamu zitatazamwa hapo, mpira utatazamwa hapo, na muziki wa Jumapili jioni utapigwa hapo hapo. Kisha huja mshangao. Filamu inatetemesha viti na kila mgeni anaridhika, lakini rekodi ya kwaya au ya dansi ambayo mwenye nyumba anaifahamu tangu utotoni inatoka bila umbo, besi imevimba na waimbaji wamerundikana mahali pamoja. Lawama humwangukia fundi, au spika, au aliyeuza spika. Mara nyingi hakuna mwenye kosa kati yao, kwa sababu sinema na muziki wa stereo, yaani ule unaopigwa kwa spika mbili, ya kushoto na ya kulia, hukitaka chumba kifanye kazi mbili tofauti, na kazi hizo hupingana katika mambo ya msingi: mahali pa kukaa, kiasi cha sauti inayorudishwa na kuta, na tabia ya besi.

Ajabu ni kwamba stereo yenyewe ilizaliwa kutokana na sinema. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, aliwasilisha ombi la hataza ya mfumo huo mwezi Desemba 1931, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia ukumbini, alipokerwa kuona mwigizaji akitembea upande mmoja wa skrini ilhali sauti yake inatoka kwenye spika iliyokaa upande mwingine. Mwaka 1934 alirekodi okestra kwa mfumo wake katika studio za Abbey Road, London. Hakuishi kuyaona matunda yake, kwani alifariki mwaka 1942 katika ajali ya ndege iliyokuwa ikijaribu mtambo wa rada, na santuri za stereo ziliingia madukani kwa wingi mwaka 1958 tu. Tangu hapo muziki wa nyumbani ulibaki na spika mbili, na sinema ikashika njia yake.

Ili kuelewa kwa nini njia hizo ziliachana, ni lazima kutazama kile ambacho spika mbili hukifanya masikioni. Sauti inayotoka kushoto hulifikia sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia, na tofauti hiyo, hata sauti inapotoka ubavuni kabisa, haizidi sana sekunde 0.0007. Ubongo huitumia tofauti ndogo namna hiyo, pamoja na tofauti ya ukubwa wa sauti, kuamua kitu kiko wapi. Spika mbili zikitoa sauti ileile kwa nguvu ileile, na msikilizaji akiwa amekaa umbali sawa kutoka kila moja, ubongo hauzisikii spika mbili. Husikia mwimbaji mmoja aliyesimama katikati, mahali ambapo hakuna kitu chochote. Gita linaweza kuwekwa robo ya njia kuelekea kushoto, tarumbeta kulia na nyuma kidogo, na wapiga ngoma za bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma, wakasikika wamepangwa kwa upana wa uwanja. Yote hayo hujengwa kichwani mwa msikilizaji, na ndiyo maana hubomoka kirahisi. Akisogea pembeni kiasi kwamba spika moja iwe karibu naye kuliko nyingine kwa takriban sentimita 34, sauti ya spika hiyo humfikia sekunde 0.001 mapema, na mwimbaji wa katikati huhamia upande huo.

Stereo, kwa maneno mengine, ina kiti kimoja cha kweli. Kanuni ya kawaida ni pembetatu yenye pande sawa: kama spika zimeachana mita 2.5, msikilizaji hukaa mita 2.5 kutoka kila moja, na kila spika huwa imeachana na mstari wa katikati kwa nyuzi 30.

Sinema haiwezi kuvumilia sharti hilo. Sebuleni kuna baba na mama, watoto wamekaa kwenye zulia, shangazi amekuja kutoka Sengerema, na wote wanataka kusikia maneno ya mwigizaji yakitoka kwenye picha. Ndiyo sababu mfumo wa 5.1, ulioenea katika kumbi za sinema kuanzia mwaka 1992, una spika ya katikati inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo, mbili za mbele, mbili za pembeni kuelekea nyuma, na mkondo wa besi nzito peke yake usiopita hezi 120 (mitetemo 120 kwa sekunde), ambao kwetu tumeuzoea kwa jina la kifaa chake, sabufa. Spika ya katikati haihitaji ubongo ubuni chochote. Sauti iko pale pale, na aliyekaa mwisho wa kochi huisikia pale pale. Kinachopotea ni ule uwanja mpana wa muziki, na mtu anayetazama filamu hana haja nao sana, kwa kuwa macho yake yamekwisha kumwambia nani yuko wapi.

Jambo la pili ni kuta, na hapa nyumba zetu za Mwanza zina tabia yake ya pekee. Tunajenga kwa bloku za saruji, tunapiga plasta, tunatandaza vigae sakafuni, na upande wa ziwa tunaweka madirisha makubwa ya kioo. Vitu vyote hivyo hurudisha sauti karibu yote inayovifikia. Mtu wa kwanza kuliweka jambo hili katika hesabu alikuwa Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo neno lililotamkwa lilidumu hewani kwa zaidi ya sekunde tano, kiasi kwamba wanafunzi hawakumwelewa mhadhiri. Aliazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akaileta usiku kulipokuwa kimya, akaiongeza kidogo kidogo na kupima kila mara. Kanuni aliyoipata bado inatumika: zidisha ujazo wa chumba kwa mita za ujazo na 0.161, kisha gawa kwa jumla ya unyonyaji wa sauti chumbani kwa mita za mraba. Jibu ni sekunde ambazo sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti.

Tuchukue sebule ya mita 5 kwa 4, yenye dari la mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 60, na eneo la sakafu, dari na kuta zote ni mita za mraba 94. Kama nyuso hizo zote ni ngumu na kwa wastani hunyonya asilimia 3 tu ya sauti, unyonyaji wote ni sawa na mita za mraba 2.8, na sauti huchukua zaidi ya sekunde 3 kufifia. Hicho ni chumba kitupu, na yeyote aliyepiga makofi katika nyumba mpya kabla ya kuhamia anaujua mwangwi huo. Ingiza makochi ya kitambaa, zulia nene, mapazia mazito na kabati lililojaa vitabu hadi unyonyaji ufike mita za mraba 20, na muda hushuka chini ya nusu sekunde.

Sabine alipima unyonyaji kwa kipimo ambacho mtu wa ukanda wa ziwa atakipenda: dirisha lililo wazi. Sauti inayotoka dirishani hairudi, kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi ni sawa na mita moja kamili ya unyonyaji. Katika sebule ile tupu, kufungua madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2 ili upepo wa ziwa uingie kunaongeza mita 3.6, na muda wa mwangwi hupungua zaidi ya nusu. Tatizo ni kwamba madirisha kwa kawaida yako upande mmoja. Spika ya kushoto hupoteza sauti yake nje, ya kulia hupigwa na ukuta wa saruji na kurudi, na picha ya stereo huinama. Filamu haitadhurika, muziki utadhurika. Na dirisha linalotoa sauti nje huingiza bodaboda ndani.

Chumba cha sinema hutaka kuta zinyonye sauti kwa wingi, kwa sababu filamu huja na mazingira yake tayari: msitu, pango, kanisa, yote yamekwisha kuwekwa katika spika za nyuma, na chumba kikiongeza mwangwi wake kinavuruga kazi iliyofanywa. Stereo ina spika za mbele tu, na inahitaji chumba kiipe uhai kidogo. Chumba kilichofunikwa kila upande huufanya muziki usikike umekauka, kana kwamba waimbaji wamefungiwa kabatini. Kwa maoni yangu muziki hukaa vizuri panapo sekunde 0.4 hivi, na sinema chini zaidi ya hapo. Lakini kilicho muhimu kwa stereo kuliko namba yenyewe ni ulinganifu, yaani kushoto na kulia ziwe na vitu vya aina moja.

Hapa niseme neno kuhusu trei za mayai, ambazo studio ndogo nyingi hubandika ukutani. Hazisaidii. Ni karatasi nyepesi, hupunguza kidogo sauti kali za juu na kuiacha besi ilivyo, hivyo chumba huishia na sauti nzito isiyo na mng'ao. Sponji nyembamba ya godoro ina kasoro hiyo hiyo. Besi huhitaji unene: sufi ya madini (nyuzi laini za mawe au kioo) iliyoshindiliwa, sentimita 10 au zaidi, na ikiwezekana iachiwe nafasi kati yake na ukuta.

Besi yenyewe ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa. Sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde katika joto la nyuzi 25, na kila chumba hukuza sauti ambazo nusu ya wimbi lake inaenea sawasawa kati ya kuta mbili. Kwa urefu wa mita 5 sauti hiyo ni hezi 35, kwa mita 4 ni hezi 43, na kwa mita 3 ni hezi 58. Noti ya F ya chini ya gita la besi iko karibu kabisa na hezi 43. Katika sebule yetu, basi, mpiga besi akifika kwenye F chumba hunguruma, na akihama noti chache ngurumo hupotea, ingawa yeye alipiga zote kwa nguvu moja. Kuta za mbao zingeiacha sehemu ya besi hiyo ipite. Saruji huirudisha ndani. Mlipuko wa filamu ukinguruma hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna anayejua mlipuko ule ulipaswa kuwa na ukubwa gani. Mstari wa besi wa dansi unajulikana, na kila noti inayovimba inaonekana.

Chumba kibaya kuliko vyote ni kile cha mita 3 kwa 3 chenye dari la mita 3, ambacho ni kipimo cha vyumba vingi vya kulala. Pande zote tatu hukuza hezi 58 kwa pamoja. Chenye mita 3 kwa 4 ni bora zaidi. Na kochi lililosukumwa hadi ukutani, kama tunavyopenda kupanga sebule zetu, humweka msikilizaji mahali ambapo besi imejazana. Kusogea mbele mita moja hubadilisha mengi bila kugharimu senti.

Kuna pia runinga yenyewe. Kioo kikubwa kilichosimama kati ya spika mbili kiko mahali hasa ambapo stereo hujaribu kumsimamisha mwimbaji, na hurudisha sauti kali upesi mno. Kwenye filamu hakiepukiki. Kwenye muziki ni heri kisiwepo.

Kwa hiyo nyumba ikiwa na nafasi, sebule iachiwe sinema na wageni, na muziki upewe chumba kidogo kilicho upande wa utulivu, mbali na barabara, chenye dari zito ikiwezekana, maana mvua za vuli na masika zikipiga bati hakuna amplifaya ya kiasi itakayoshindana nazo kwa ustaarabu. Chumba hicho hakihitaji fedha nyingi kama wengi wanavyodhani: spika mbili, amplifaya moja ya stereo, zulia, pazia pande zote mbili, kiti kimoja. Jirani naye atapumua, hasa kwenye miteremko ya Igogo na Mabatini ambako nyumba zimebanana, kwani kipimo cha kumbi za sinema huruhusu mkondo wa besi ufike kilele cha desibeli 115, kiwango ambacho muziki wa stereo nyumbani hauhitaji kamwe.

Panapokuwa na chumba kimoja tu, ningeanza na muziki. Spika mbili za mbele ziwekwe kwa pembetatu ya stereo, zisogezwe mbele ya ukuta angalau nusu mita, na runinga ibaki nyuma ya mstari wake, ikifunikwa kwa kitambaa kizito wakati wa kusikiliza. Spika za sinema zifuate baadaye kuzizunguka hizo. Mpangilio huo hujaribiwa kwa rekodi ya zamani ya mkondo mmoja (mono), zile za dansi zilizorekodiwa kabla stereo haijaenea, kwa kuwa spika zote mbili hutoa kitu kilekile na mwimbaji anapaswa kusimama katikati kabisa. Akiegemea upande mmoja, badilishana nyaya za spika za kushoto na kulia kwenye amplifaya. Akihamia upande wa pili, kasoro iko kwenye amplifaya au kinachoilisha; akibaki pale pale, iko kwenye spika au chumbani, na cha kwanza kuangaliwa ni dirisha.