Lebo huru ni nini?

Lebo ni kampuni inayogharimia kurekodi, kuchapa na kusambaza kazi za msanii. Ikiitwa lebo huru, maana yake haimo chini ya makampuni makubwa kama Universal, Sony au Warner. Watu wengi hudhani "huru" ni jina la heshima la umaskini. Sivyo. Cha kuuliza ni nani kalipa, na nani ana kauli ya mwisho.

Chukua Bad Religion, bendi ya panki, yaani roki ya kasi na makelele, ya Los Angeles (ndiyo, panki ileile tuliyokuwa tukimwagiza kinyozi). Mpiga gitaa wao, Brett Gurewitz, alianzisha lebo ya Epitaph kwa mkopo kutoka kwa baba yake. Mwaka 1981 ikatoka santuri fupi ya nyimbo sita, mwaka uliofuata albamu kamili. Kisha 1983 wakaja na Into the Unknown, imejaa vinanda, panki haionekani. Mashabiki wakaisusa, bendi ikasambaratika. Lebo yako mwenyewe haina bosi wa kukuambia "hii haitauza", lakini maboksi ya santuri zisizouzika yakirudi hayaendi kwa mtu mwingine.

Walipojikusanya tena wakatoa Suffer (1988), No Control (1989) na Against the Grain (1990), na hizo ndizo zilizowajengea jina, zote kwa Epitaph.

Sasa kichekesho. Mwaka 1993 bendi hiyo ikasaini na Atlantic, iliyo chini ya Warner. Albamu yao Recipe for Hate, ambayo Epitaph ilikwisha kuitoa, ikatolewa upya na Atlantic mwaka huohuo. Ikafuata Stranger Than Fiction mwaka 1994, na Gurewitz akajitoa kwenye bendi. Mwaka huohuo Epitaph yake ikatoa Smash, albamu ya bendi ya The Offspring, ikauza nakala zaidi ya milioni 10 duniani. Yaani bendi ilikwenda kwa wakubwa, na lebo ndogo waliyoiacha nyumbani ikauza kuliko wao!

Atlantic walitoa albamu nyingine tatu, ya mwisho mwaka 2000. Mwaka 2001 bendi ikarudi Epitaph, Gurewitz naye akarudi kwenye gitaa, na Januari 2002 ikatoka The Process of Belief. Tangu hapo hawajahama tena.