Gundi Iliyojificha Kwenye Jino Lililozibwa

Wengi wanaokuja kwetu Kampala kuziba jino wanataka dawa nyeupe, inayofanana na jino lenyewe. Wakijitazama kwenye kioo wanaridhika. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye gundi iliyo kati ya dawa na jino, nyembamba kuliko unywele. Ikiachia, vijidudu hupenya na jino huanza kuoza upya chini ya dawa.

Ile dawa ya rangi ya fedha yenye zebaki ilishikiliwa zaidi na umbo la tundu. Nyeupe hutegemea gundi. Mwaka 1955, Mmarekani Michael Buonocore alionyesha kuwa asidi ya fosfori ikipakwa kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huifanya ishikane vizuri na plastiki. Asidi huchimba vishimo vidogo mno, gundi huingia humo na kugandia. Leo tunatumia asidi ya takriban asilimia 37, kwa sekunde 15 hadi 30, kisha tunaosha.

Enameli karibu yote ni madini, haisumbui. Shida ni dentini iliyo chini yake: ina maji, nyuzi za kolajeni, na mirija isiyohesabika inayoleta unyevu kutoka kwenye kiini cha jino. Ukiikausha kupita kiasi baada ya asidi, nyuzi hulala kama nyasi zilizokanyagwa na gundi haipenyi. Ukiacha maji mengi, gundi huzimuka. Dentini inatakiwa ibaki iking'aa kwa mbali tu, na hapo ndipo mkono wa daktari unapojulikana.

Maabara huyapima haya kwa meno yaliyong'olewa. Yanazibwa, yanapitishwa mara nyingi kwenye maji ya nyuzijoto 5 na 55, mithili ya soda baridi na chai ya moto, yanalowekwa kwenye rangi ya buluu, kisha yanapasuliwa. Upande wa enameli mara nyingi huwa safi. Upande wa mzizi, chini ya ufizi pasipo na enameli, mstari wa buluu umeteremka ndani, ishara kwamba gundi imeachia. Kinywani mambo si yale yale kabisa, lakini tundu la namna hiyo mimi hulipa muda zaidi. Dawa yenyewe husinyaa kwa asilimia 2 hadi 3 inapoganda, ndiyo maana tunaiweka tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2, tukiimulika kwa taa ya buluu ili igande.

Adui mkubwa ni mate. Mama mmoja mfanyabiashara aliniambia, "Daktari, fanya haraka, boda iko inanisubiri." Nilikuwa nimeshaosha asidi. Akafunga mdomo ameze mate, pamba ikalowa. Nikamwomba radhi, nikabadilisha pamba, nikarudia asidi. Alikasirika. Ningepaka gundi juu ya mate yale, angeondoka na jino zuri lisiloshika.

Kwa hiyo ukiwekewa pamba au shuka la mpira la kuzuia mate, vumilia, na ukihisi mate yamejaa inua mkono kabla ya kufunga mdomo. Baadaye ukiona mstari wa kahawia pembeni mwa dawa, chakula kikinasa pale ambapo hakikuwa kikinasa, au maji baridi yakiendelea kuchoma baada ya wiki chache, rudi uangaliwe hata kama jino haliumi.