Profesa Amekukubali. Pesa Je?

Juzi nimeupata tena ule ujumbe. "Mwalimu, nimepata PhD! Profesa amenikubali!" Nikamwomba kijana anitumie hiyo barua pepe ya profesa. Ilikuwa na sentensi mbili tu: mada yako inanivutia, na nitafurahi kuunga mkono maombi yako. Basi. Hakuna mshahara, hakuna ada, hakuna tarehe ya kuanza. Na mwenyewe ameshamuaga bosi wake kazini.

Nimekaa kwenye kamati ya udahili miaka mingi kiasi kwamba siwezi tena kulisema hili kwa upole. Msimamizi, yaani profesa wa kukuongoza kwenye utafiti, ni kitu kimoja, udahili ni kitu cha pili, ufadhili ni cha tatu. Vinaweza kuja vyote kwa mpigo, au kimoja kikaja na vingine visionekane kamwe. Kinachoamua ni mfumo wa nchi unakoomba.

Sweden, Norway na Uholanzi nafasi ya PhD kwa kawaida ni ajira. Inatangazwa kama kazi nyingine yoyote, unaitwa kwenye usaili, na ukishinda unasaini mkataba wenye mshahara. Sweden masomo yenyewe ni ya miaka minne, na kufundisha hakuruhusiwi kuzidi asilimia 20 ya muda wako. Huko ukiambiwa umepata, umepata.

Marekani ni habari nyingine. Anayekuchagua mara nyingi ni kamati ya idara, na ofa ya PhD kwa kawaida huja na msamaha wa ada pamoja na posho. Profesa akikupenda atakusemea kikaoni, lakini hana ufunguo wa mlango. Kwenye sayansi za tiba wengi huingia kwanza, wakazunguka maabara kadhaa mwaka wa kwanza, ndipo wakapata msimamizi. Kwa hiyo kulia kwamba "hakuna profesa aliyenijibu" wakati unaomba programu ya namna hiyo ni kulia msiba usio wako.

Uingereza ndiko wanakoumia wengi. Unaweza kupewa barua halali kabisa ya udahili isiyo na senti nyuma yake, kwa sababu ufadhili una mashindano yake, na mara nyingi dirisha lake hufungwa mapema kuliko la udahili. Fedha za mabaraza ya utafiti ya UKRI, taasisi ya umma inayofadhili utafiti huko, zimefunguliwa kwa wageni tangu 2021, ila wageni wana ukomo: asilimia 30 ya nafasi.

Ujerumani utakuta njia zote mbili. Kuna ajira za mradi, nyingi zikiwa za nusu au theluthi mbili ya mshahara kwa kazi ambayo kila mtu anajua ni ya siku nzima. Na kuna njia ya kutafuta profesa mwenyewe, akuandikie barua ya kukubali kukusimamia, kisha uipeleke DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, au kwa mfadhili mwingine. Hapo "ndiyo" ya profesa ni kiambatisho kwenye fomu, na kazi ndiyo kwanza imeanza.

Halafu kuna mitego ya masharti. Mitandao ya udaktari ya Marie Skłodowska-Curie, yaani nafasi za PhD zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, inalipa vizuri, lakini haikubali mtu aliyeishi au kufanya kazi katika nchi anayoombea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Umetoka kumaliza shahada ya uzamili ya miaka miwili katika nchi hiyo hiyo? Angalia nchi jirani.

Sasa, namna ya kuzisoma hizo barua pepe. "Nitafurahi kuunga mkono maombi yako" maana yake kaombe, pesa katafute. "Nina nafasi kwenye mradi" maana yake pesa ipo, au inategemewa, na tofauti ya hayo mawili ni kubwa, kwa hiyo uliza. "Wasiliana na ofisi ya udahili" kwa kawaida ni hapana yenye adabu. Kwa kawaida, nasema, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwajibu hivyo watu niliowataka sana. Taratibu zilinikataza kuongea nao kabla ya mchujo.

Swali la kumrudishia ni hili: nafasi hii italipiwa na nani, kwa miaka mingapi, na mwisho wa kuomba fedha hizo ni lini? Watu wanaogopa wataonekana wana njaa. Mimi sijawahi kumkata mtu kwa kuuliza. Wenzangu siwezi kuwasemea.

Mengine mnayajua: waandishi wa barua za mapendekezo waambie mapema, jina la profesa liandike sawasawa, na usitume barua moja kwa maprofesa arobaini huku anwani zote zikionekana.

Kuhusu kumjua msimamizi mzuri, ushauri wangu ni ule ule wa kuzungumza na wanafunzi wake, hasa waliokwisha kuondoka. Lakini sitawadanganya. Mimi nilifanya hivyo, nikasifiwa mtu, na kweli alikuwa mtu. Mwaka wa pili akahamia chuo kingine, nikabaki na dawati.

Yule kijana alituma swali lake usiku uleule. Asubuhi akajibiwa: dirisha la ufadhili lilifungwa wiki tatu zilizopita. Profesa bado anafurahi.