Daftari likifungwa, kichwani kunabaki nini?

Novemba inapokaribia na mtihani wa kidato cha nne kubisha hodi, mabweni hujaa wanafunzi wanaokesha, wengine wametumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usiwachukue. Bidii hiyo naiheshimu. Kinachonisikitisha ni jinsi saa hizo zinavyotumika: daftari lile lile linasomwa mara ya tatu, mara ya nne, mistari inapakwa rangi, mpaka maandishi yanazoeleka machoni. Mwanafunzi anaamini ameiva. Siku ya pepa anakumbuka hata upande wa ukurasa jibu lilipo, ila jibu lenyewe haliji.

Sisi tunaowashauri wanafunzi kuhusu ujifunzaji tunakisikia kilio hiki kila muhula, na wanaokileta mara nyingi ni watoto wanaopiga msuli kweli kweli. Hawajaambiwa kwamba kulitambua jambo ukiliona ni kitu kimoja, na kulikumbuka bila kuliona ni kingine. Mtihani unadai hilo la pili.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi ya kisayansi. Kundi moja liliisoma kwa vipindi vinne. Jingine liliisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika kila lililokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa kukumbuka asilimia 83 ya habari hiyo, dhidi ya 71. Wiki moja baadaye walikuwa wamebaki na asilimia 40, na wenzao waliojipima 61. Tena, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Hapo ndipo wanafunzi wetu wanaponasa.

Kwa hiyo funga daftari. Chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka kuhusu mada, chora mchoro wake, kisha fungua usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Mara ya kwanza utavunjika moyo, maana karatasi itajaa mapengo. Anza na hayo mapengo kesho yake. Mitihani ya miaka iliyopita nayo ifanye hivyo hivyo. Kuisoma huku majibu yako pembeni hakukupimi chochote.

Muda nao ugawe. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hupotea ndani ya siku ya kwanza. Saa tatu za mada moja usiku mmoja zina faida ndogo kuliko saa moja Jumatatu, nyingine Alhamisi na nyingine wiki inayofuata. Na usilale kwa muda wa saa mbili tu: ni usingizini ubongo unapoimarisha ulichojifunza mchana.

Kuna jambo linalonigusa zaidi hapa Tanzania. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Asipoelewa, kukariri ndiyo njia pekee anayoiona. Nimewasikia wanafunzi wakitamka maana ya osmosisi, yaani maji kupenya utando kwenda palipo na chumvi au sukari nyingi zaidi, kwa Kiingereza bila kukosea neno, lakini ukiwauliza kwa nini kachumbari ikitiwa chumvi inatoa maji, kimya. Simlaumu mtoto huyo. Namshauri ajieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa mfano wa jikoni, mpaka aone sababu yake, ndipo arudi kwenye Kiingereza cha kujibia mtihani. Kinachoeleweka hakihitaji kumezwa.

Mzazi ambaye hakusoma sekondari pia ana nafasi. Mwambie mwanao, "Hebu nifundishe mlichosoma leo," kisha msikilize na umuulize kwa nini. Atakapoanza kujikanyaga, hapo ndipo hajaelewa, na atapajua yeye mwenyewe kabla yako.

Kwa walimu wenzangu, naomba dakika tano za mwanzo wa kipindi: maswali matatu ya wiki iliyopita, madaftari yamefungwa, alama zisiandikwe popote. Mwanafunzi asiogope kukosea mbele yetu Machi, wakati bado kuna muda wa kumsaidia.