Kuekspoti kontakti za imeli ni nini hasa, na kwa nini kusinki siyo bakapu

Ukimwambia mtu afanye bakapu, yaani nakala ya akiba, ya kontakti zake za imeli, mara nyingi anakujibu "mbona zipo tu kwenye akaunti, zitaenda wapi". Hapo ndo shida inapoanzia, maana kuwepo kwenye akaunti ni kitu kimoja na kuwa na bakapu ni kitu kingine kabisa.

Tuanze na neno lenyewe. Kuekspoti ni kuiambia programu yako ya imeli, iwe Outlook, Thunderbird, Gmail au nyingine yoyote, ikutolee nakala ya majina, anwani, namba za simu na vingine vyote ulivyoandika humo, halafu iviweke kwenye faili moja linaloweza kusomeka nje ya programu hiyo. Shika hilo neno "nje". Ndani ya programu kontakti zinakaa kwa namna yake yenyewe, kwa mfano Thunderbird za siku hizi zinaziweka kwenye faili linaitwa abook.sqlite ndani ya folda ya profaili, na ukilifungua hivihivi huambulii kitu. Ukiekspoti unapata kitu ambacho programu nyingine inakielewa. Na wala kuekspoti hakufuti chochote, kuna watu wanaogopa hapo, vilivyomo vinabaki palepale we unachukua nakala tu. Kuimpoti ni kinyume chake, unalichukua faili unaliingiza kwenye programu.

Kusinki sasa ndo kunawachanganya wengi. Kusinki ni simu, laptopu na akaunti kufanana muda wote, ukiongeza jina huku linatokea kule, na ukifuta huku kule nako linafutika, halikuulizi mara mbili. Mdogo wangu aliona simu imejaa majina yaliyojirudia akachagua mengi akafuta, akijua kwenye laptopu yapo, na hakugundua kitu mpaka miezi miwili baadaye anatafuta anwani ya mteja wa zamani anakuta kitabu cha anwani kimebaki na watu wachache tu. Kapu la takataka nalo lilishajisafisha, maana mara nyingi haya makapu yana mwisho wake, la Google Contacts kwa mfano linatunza siku 30 basi. Bakapu ingemuokoa kwa sababu bakapu haifuati unachokifanya leo, inabaki na hali ya siku ile uliyoitengeneza.

Mafaili utakayokutana nayo sana ni aina mbili. CSV ni jedwali lililoandikwa kwa maandishi ya kawaida, kila mstari mtu mmoja na vipengele vimetenganishwa kwa mkato, na mstari wa juu kabisa una majina ya safu. Haya majina ya safu yanatofautiana kati ya programu na programu, ndo maana Google ukitaka kuekspoti inakuuliza unataka CSV ya Google au CSV ya Outlook. Ya pili ni vCard, faili linaloishia na .vcf, hii ni kama kadi. Ukiifungua kwa Notepad unaona kitu kama hiki:

BEGIN:VCARD
VERSION:3.0
FN:Fundi Bomba
EMAIL:fundi@example.com
END:VCARD

Mtu mmoja kadi moja, na faili moja linaweza kubeba kadi hata mia tano zimefuatana. Picha ya mtu nayo inaweza kuingia humohumo ikiwa imegeuzwa kuwa mlolongo mrefu wa herufi, kitu ambacho CSV haikupi. Mi kwa bakapu napendelea vCard, CSV naitumia nikitaka kupanga au kusafisha orodha.

Na CSV ina mtego mmoja mbaya sana. Ukiibonyeza mara mbili ikafunguka kwenye Excel, Excel inadhani namba za simu ni hesabu, sifuri ya mwanzo inaondoka, alama ya kujumlisha inaondoka, na namba ndefu yenye tarakimu 12 inageuka kitu kama 2.5E+11. Ukisevu hapo umeharibu, faili lililokuwa zima sasa lina namba ambazo hazipigiki. Majina yenye herufi za kigeni nayo yanaweza kuvurugika, José anakuwa JosÃ©. Kwa hiyo faili la kwanza usiliguse kabisa, fanya kopi uchezee kopi.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, na hiki kinauma zaidi: majina yanayojitokeza yenyewe ukianza kuandika anwani siyo lazima yawe kwenye kontakti zako. Outlook ina orodha yake ya pembeni ya kukukumbusha, Gmail ina sehemu ya "Other contacts", Thunderbird ina kitabu cha pili kinaitwa "Collected Addresses". Unaweza kuekspoti kontakti ukaridhika kabisa, ukahamia kompyuta mpya, halafu mtu uliyekuwa unaandikiana naye kila wiki humuoni, kwa sababu hukuwahi kumsevu, programu ndo ilikuwa inakukumbuka. Pitia kwanza sehemu hizo, wale unaowahitaji wahamishie kwenye kontakti za kweli, ndo uekspoti. Thunderbird yenyewe unaekspoti kitabu kimoja kimoja.

Kitufe chenyewe hakisumbui, Gmail kipo kwenye ukurasa wa contacts.google.com, Thunderbird ni ndani ya Address Book, bonyeza kitabu chenyewe kwa kitufe cha kulia cha mausi uchague Export, na Outlook ile ya zamani ya kompyuta (classic) ni File, halafu Open & Export.

Ukishapata faili, likibaki kwenye folda ya Downloads ya laptopu ileile bado hujafanya bakapu, siku laptopu ikifa linakufa nalo. Lipe jina lenye tarehe, weka kopi kwenye flashi na nyingine sehemu tofauti kabisa. Pia kumbuka faili hili halina paswedi, yeyote atakayeokota flashi yako anasoma namba na anwani za watu waliokuamini, kwa hiyo lifunge kwa paswedi, 7-Zip inafanya hiyo kazi bure.

Halafu lijaribu. Tengeneza kitabu kipya kitupu cha anwani, impoti faili lako humo, hesabu kama idadi inalingana, maana kuna programu ukiipa vCard yenye watu wengi inachukua wa kwanza tu na haikwambii kitu. Fungua majina matano sita uangalie kama namba ni nzima na sifuri zake zipo.