Kabla ya kufungua bomba kisiwani

Kazi yangu ni maji yaliyo chini ya ardhi. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikiteremsha kipimo ndani ya visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji letu la Dodoma, kuangalia maji yamesimama mita ngapi kutoka juu. Kwa hiyo hata likizo ya Zanzibar naitazama kupitia kisima. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, majirani na wafanyakazi wenzangu wanaokwenda Unguja wamekuwa wengi: asubuhi unapanda treni hapa, mchana upo bandarini Dar, jioni unakula urojo Forodhani. Wengi huniuliza walale wapi. Nami huwauliza: huko unakotaka kulala, maji yanatoka wapi?

Sisi wa Dodoma tunaamini hakuna anayetushinda kwa shida ya maji. Mvua yetu ni kama milimita 600 kwa mwaka, wakati Unguja hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mtu akishuka kwenye boti akaona minazi na kijani kila upande, anaona amefika penye neema, anaoga mpaka vidole vinakunjamana. Ndipo kosa linapoanzia.

Maji ya Makutupora yamekaa ndani ya mwamba uliopasukapasuka, na chini yake kuna mwamba mgumu. Tukivuta kupita kiasi, maji yanashuka, pampu inaanza kuvuta hewa, tunasubiri mvua. Vipimo vya pale vinarudi nyuma hadi miaka ya 1950, na vinaonyesha kwamba si kila mvua inayojaza visima: hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Kati ya msimu mmoja na mwingine tunakula akiba. Ni hali ngumu, lakini tukikosea tunaweza kungoja.

Kisiwani, chini ya maji matamu hakuna mwamba mkavu. Kuna bahari.

Hili nataka nilieleze taratibu. Mvua ikinyesha juu ya mawe ya matumbawe inazama ndani, inakutana na maji ya bahari yaliyokwisha kupenya kutoka pande zote za kisiwa, halafu inaelea juu yake kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, na lita moja ya maji ya bahari ina karibu kilo 1.025. Tofauti ni ndogo sana, na kwa sababu ni ndogo, matokeo yake ni makubwa: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani waliipata hesabu hii, kila mmoja kwa wakati wake, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hadi leo tunaitumia.

Sasa igeuzeni hesabu hiyo. Ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka mita 1 na ukabaki hapo, chumvi iliyo chini nayo inapanda polepole, na mwisho wa safari yake ni kama mita 40 juu ya pale ilipokuwa. Pampu haitavuta hewa ikupe onyo. Itaendelea kukupa maji yale yale kwa nguvu ile ile, ila yana munyu. Wala haihitaji chumvi nyingi kuyaharibu: lita 2 za bahari ndani ya lita 98 za maji matamu zinatosha ulimi kuhisi. Kisima kikishaingiwa na chumvi hivyo, kurudi utamu wake kunaweza kuchukua miaka.

Tandiko hilo la maji ni nene katikati ya kisiwa na jembamba ufukweni, na ufukweni ndiko hoteli zilikojengwa. Halafu wageni hufurika Julai na Agosti, masika yakiwa yamekwisha na vuli haijaanza. Yaani tunavuta zaidi mahali pembamba zaidi, wakati hakuna kinachoongezeka.

Niliyajua haya kwa hesabu kabla ya kuyajua kwa ulimi. Mwaka mmoja nilikwenda na familia pwani ya mashariki ya Unguja, tukakaa kwenye gesti nzuri yenye bustani inayomwagiliwa asubuhi na jioni. Chai ya kwanza mke wangu aliirudisha mezani. Alidhani wamekosea kopo la sukari. Alasiri nilitoka nikitafuta kisima cha kijiji, nikamkuta bibi mmoja anafua pembeni yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

Nikamwambia Dodoma. Akasema Dodoma ni mbali, kisha akaniuliza kama huko nasi tuna maji. Nilimweleza kuhusu Makutupora, naye akaniambia habari ya kisima chake: "Haya yalikuwa matamu, tukinywa. Sasa twafulia tu. Yana munyu." Neno hilo lilinichoma, kwa sababu hata kwa Kigogo chumvi ni munyu. Nilikuwa na kipimo changu kidogo mfukoni, kile kinachosoma chumvi kwa umeme unavyopita majini. Nilimwomba ruhusa, nikakitumbukiza kwenye ndoo. Kilisema alichosema yeye.

Hakumlaumu mtu, na mimi sikuwa na vipimo vya miaka vya kuniwezesha kusema ni bustani ile au ni kitu kingine. Lakini niliporudi chumbani nilifanya hesabu. Shawa ya kawaida hutoa kama lita 10 kwa dakika. Dakika kumi ni lita 100, yaani madumu matano ya lita 20. Sisi watano wa familia moja tulikuwa tukioga madumu ishirini na tano kwa mara moja, kabla ya mashuka, taulo na nyasi za bustani. Hapa nyumbani kwetu Chamwino, madumu hayo yangetosha siku kadhaa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye hoteli siku ya tatu haifiki. Anayeondoka leo anapishana mlangoni na anayeingia, kila mmoja yuko siku yake ya kwanza, na hakuna anayeshika jembe. Kwa hiyo lazima ulishike mwenyewe: omba ndoo na kopo, funga shawa ukijipaka sabuni, sema taulo zisifuliwe kila siku. Chupa yako ya maji ijazie kwenye mtungi wao badala ya kununua ya plastiki kila saa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla yetu huku Bara, kwa hiyo usiwapelekee takataka walizokwisha kuzikataa.

Kuna jambo lingine ambalo picha za mtandaoni zinalificha. Mapango yenye maji ya buluu yanayotangazwa kwa kuogelea hayakuanza kuwa mabwawa ya starehe. Mengi ya namna hiyo yalikuwa visima vya watu, na mengine ni mahali pa mizimu wanapoheshimu hadi leo. Ukipelekwa pangoni, uliza kwanza wenyeji wa kijiji, si dereva, kama maji yake yananywewa. Kama yananywewa, usiingie na mafuta ya ngozi mwilini. Usiingie kabisa.

Na maji machafu? Kwenye udongo mzito, maji ya choo huchujwa kabla ya kufika mbali. Jiwe la matumbawe limejaa matundu na udongo juu yake ni mchache, hivyo maji ya karo, yaani shimo la maji machafu, lisilosakafiwa yanaweza kufika kisimani upesi, au yakatokea baharini na kurutubisha magugu yanayoyafunika matumbawe hai. Ndiyo maana swali langu la pili kwa hoteli ni karo lao linanyonywa na nani na kupelekwa wapi.

Kuhusu mavazi mjini, kula hadharani mchana wa Ramadhani, na kupiga picha akina mama wa mwani bila kuwaomba, sitarefusha. Aliyelelewa vizuri huku anajua. Ila angalieni kamba za mwani maji yakipwa, msizikanyage. Na kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kiacheni majini. Hakipumui mikononi mwenu.

Inawezekana kufanya vizuri. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ambacho miamba yake imehifadhiwa tangu 1994, kimejenga vyumba vya wageni ambavyo paa lenyewe ndilo kisima: mvua inakusanywa na kuwekwa kwenye tangi chini ya sakafu, na vyoo vyake ni vya mboji, havihitaji maji. Bei yake wengi wetu hatuiwezi, lakini wazo lake si la bei.

Mwezi uliopita nilipiga simu gesti nne za Unguja nikiulizia Julai. Tatu waliniambia maji yapo tele, nisiwe na wasiwasi. Ya nne alipokea mama mwenye nyumba. Nilipouliza yanatoka wapi, alinyamaza kidogo, akacheka, akasema hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza. Kisha akaanza kunihesabia: bomba la serikali siku fulani, mvua ya paa kwenye tangi lile, na kisima chake anachokipumzisha akionja kimebadilika. Nimeweka nafasi kwake. Nitakwenda na kipimo changu, naye amesema atanionyesha kisima.