Saiti za kung'aa gizani hazimuliki mtu
Kuna hii stori ya siku nyingi eti ukifunga saiti za tritiamu (yaani vile vya kulengea shabaha, vyenye nukta zinazong'aa zenyewe kwa msaada wa gesi ya mionzi) kwenye bastola ya kujilinda basi giza halikusumbui tena. Hapana jamani, zile nukta zinang'aa ili wewe uone saiti zako tu, mbele hazimuliki kitu, kwa hiyo kwenye giza totoro utajua mtutu umeelekea wapi ila hujui kama uliyemlenga ni mwizi au ni mwanao kaamka kunywa maji, na hapo ndo kazi ya tochi. Zinafaa zaidi kwenye mwanga hafifu, mtu unamwona lakini saiti nyeusi zinapotea. Halafu tritiamu inapungua nusu kila miaka 12 hivi, ukinunua za mtumba cheki kwanza zilitengenezwa mwaka gani.